Soksi ya mpira, sapoti ngumu au soli? Kifundo kinapouma upande wa ndani na unyayo ukalala

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 52. Kwa miezi saba sasa mguu wa kushoto unaniuma upande wa ndani wa kifundo, na nikisimama naona unyayo umelala kuliko wa kulia. Nina presha, natumia dawa. Nilipiga eksirei, nikaambiwa mifupa haina tatizo. Nilinunua sapoti ya mpira duka la dawa, naona inapasha joto tu. Mwalimu mwenzangu anasema nitafute soli za matibabu. Binti yangu kanionyesha sapoti ngumu zenye plastiki pembeni, kama wanazovaa wachezaji. Jirani anasema vyote hivyo vitaulegeza mguu, bora nikachomwe sindano palepale panapouma. Nivae kipi, kwa muda gani, na je, ni kweli mguu utalegea?"

Marahaba, Mwalimu, na pole kwa maumivu ya muda wote huo. Nianze na la jirani, maana ndilo lililonitia hofu: hiyo sindano usichomwe. Kwa maelezo yako, panapouma ni kwenye kano, si kwenye mfupa. Sindano za namna hiyo kwa kawaida huwa za steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Zikichomwa kwenye kano au kandokando yake huweza kutuliza maumivu kwa wiki chache, lakini nyuzi za kano hudhoofika, na kano iliyokwisha kuchakaa inaweza kukatika. Utaamka siku moja huna maumivu, utembee kwa furaha, kumbe unaimaliza kano yenyewe. Nimewapokea wagonjwa waliofika hapo, na kwa kweli inaniuma kila mara, kwa sababu wengi wangetosheka na kifaa na mazoezi.

Kano ndiyo watu wengi huiita mshipa. Ni kamba inayounganisha msuli na mfupa. Hii ya kwako, ambayo kitaalamu huitwa kano ya tibialis posterior, inatoka kwenye msuli uliojificha ndani ya shavu la mguu, inashuka, inakunja kona nyuma ya ule mfupa unaotokeza upande wa ndani wa kifundo, kisha inajishika chini ya mifupa inayobeba upinde wa unyayo. Kazi yake ni kuushika upinde huo usiporomoke kila unapokanyaga, na kuugeuza mguu uwe mgumu pale unapojisukuma kupiga hatua. Wewe mtu wa pwani umeona jarari ya ngalawa, ile kamba ya kupandishia tanga: haichakai katikati, huchakaa pale inapopita kwenye kapi, kile kigurudumu chake. Kano hii nayo huchakaa kwenye ile kona, na bahati mbaya ndipo damu inapofika kwa uchache.

Ndiyo maana eksirei ilisema uko salama. Eksirei huonyesha mifupa, kano haionekani. Tena kama ulipigwa ukiwa umelala kitandani, hata upinde ulioporomoka unaweza kuonekana mzima. Siku ukirudia, omba upigwe ukiwa umesimama na uzito wako wote juu ya miguu. Kano yenyewe huonekana kwa ultrasaundi au MRI, ingawa mara nyingi mikono na macho ya anayejua hutosha.

Presha uliyoitaja nayo si jambo la pembeni. Tatizo hili huwapata zaidi wanawake waliopita miaka 40, na huonekana sana kwa wenye presha, kisukari, uzito mkubwa, au waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Kama hujapima sukari mwaka huu, kapime kabla hujanunua kifaa chochote. Nitaeleza sababu mbele.

Sasa, nivae kipi? Swali hilo halina jibu mpaka tujue kano imefika wapi. Fanya vipimo vitatu jioni ya leo, binti yako akiwa nyuma yako.

Kwanza simama peku, miguu sambamba, akutazame kwa nyuma. Kwa kawaida ataona kidole kimoja au viwili vinachungulia upande wa nje wa kila mguu. Upande wa kushoto akiona vitatu au vinne, ujue mguu umechepuka kwenda nje na kifundo kimeangukia ndani. Pili, shika ukuta kwa vidole tu, inua mguu wa kulia, kisha jaribu kupanda juu ya vidole vya kushoto. Usilazimishe. Anayeweza kupanda mara kadhaa, na kisigino kikajipinda kuelekea ndani kinapopanda, kano yake bado inafanya kazi. Asiyeweza hata mara moja, au anayepanda huku kisigino kimebaki kimechepuka nje, kano yake imechoka sana. Tatu, kaa kitini, binti akishike kisigino kwa kiganja na kukisogeza taratibu kuelekea ndani. Kikirudi kwenye mstari wa ugoko, mguu ungali laini. Kikigoma kama kimegandishwa, hiyo ni hatua nyingine kabisa.

Mgawanyo wa ugonjwa huu kwa hatua waliuanzisha madaktari Johnson na Strom mwaka 1989 wakiwa na hatua tatu, mwenzao Myerson akaongeza ya nne, na mwaka 2020 kundi la mabingwa wa upasuaji wa mguu likapendekeza hata jina la ugonjwa libadilishwe, kwa kuwa kano si pekee inayoharibika: mishikizo inayounganisha mfupa na mfupa nayo hulegea, na unyayo mzima huendelea kuporomoka. Kwako wewe linalohitajika ni hili tu. Ukiweza kupanda juu ya vidole, soli nzuri na mazoezi vinaweza kutosha. Usipoweza, lakini kisigino kikawa laini, unahitaji kifaa kinachopanda juu ya kifundo kwa muda, soli zifuate baadaye. Kikigoma, kifaa kitapunguza maumivu lakini hakitakinyoosha, na hapo lazima daktari wa mifupa akuone. Kwa miezi saba ya maumivu na unyayo uliokwisha kulala, dhana yangu ni kwamba uko kwenye kundi la pili. Nikikosea nitafurahi.

Nikija kwenye vifaa, kuna jambo moja nataka ulishike kuliko majina yote ya madukani: kifaa kinachotibu kano hii ni kile kinachoshika kisigino kisichepuke na kuinua upinde kabla mwili haujaukanyaga. Kila siku unapiga hatua maelfu, na kila hatua kano inavutwa. Kifaa kinabeba sehemu ya kazi hiyo ili kano ipumzike huku ukiendelea kufundisha. Kisichoweza kushika kisigino hakipumzishi chochote.

Soksi ya mpira uliyonunua haishiki kisigino. Inabana, inapasha joto, inapunguza uvimbe kidogo jioni, na inakukumbusha kukanyaga kwa uangalifu. Hukutapeliwa, ila imepewa kazi isiyoiweza.

Ile sapoti ngumu ya wachezaji ndiyo inayowapoteza wengi, na hata wahudumu wa afya huiandika bila kufikiri. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeteguka: kifundo chake huangukia nje, unyayo ukageukia ndani, na zile plastiki mbili za pembeni humzuia asirudie. Wewe unaangukia upande wa pili. Chini ya upinde wako sapoti ile haina kitu. Unyayo utaendelea kulala ndani ya kifaa huku plastiki ikikusugua kwenye mfupa wa ndani, palepale penye kidonda cha kano. Kama pesa haijatoka, isitoke.

Kifaa cha kundi la pili ni kile ambacho sisi mafundi sanifu wa vifaa saidizi tunakitengeneza kwa kipimo cha mguu wako: gamba la plastiki linalokumbatia kisigino na upinde, limeungwa kwa bawaba kwenye kifundo, na mikono miwili inayopanda hadi katikati ya ugoko na kufungwa kwa mikanda ya kunata. Bawaba zinaacha mguu ukunjike kwenda mbele na nyuma, kwa hiyo unatembea, lakini zinakataza kisigino kuchepuka. Kuna pia aina ya ngozi yenye plastiki ndani, inafungwa kwa kamba kama buti fupi. Kwenye joto la Tanga wengi huilalamikia, lakini kwa mwenye mguu mzito hushika vizuri zaidi. Na kama kifundo kimevimba, kinaumwa hata usiku, tunaanza na buti la matibabu au hogo (plasta ngumu) la kutembelea kwa wiki 4 hadi 6, ndipo tuingie kwenye hayo mengine.

Nikisema kifaa na mazoezi vinaweza kutosha, sisemi kwa mapenzi ya kazi yangu tu. Mwaka 2006 Alvarez na wenzake, huko Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 47 wa hatua mbili za mwanzo waliotibiwa kwa mpango huo: wengine kifaa kifupi chenye bawaba, wengine soli, wote mazoezi ya nguvu yaliyopangwa. Baada ya takriban miezi minne, 39 kati yao walikuwa wamepata nafuu ya kuridhisha, na 5 tu ndio waliofikia kufanyiwa upasuaji. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo siuchukulii kama neno la mwisho, ila unakubaliana na ninayoyaona mezani kwangu: wanaopona ni wanaofanya vyote viwili.

Soli, basi. Neno hili limebeba vitu vingi. Kipande cha sponji chenye kijinundu katikati, kinachouzwa kando ya mizani ya kupimia uzito stendi, nacho kinaitwa soli ya matibabu. Jaribu hivi: bonyeza kile kijinundu kwa dole gumba. Kikilala chini ya dole gumba, mwili wako wote utakifanya nini? Soli inayokufaa ina kikombe kirefu cha kisigino, kingo zake zimepanda ili kisigino kikae humo bila kuchezacheza. Upande wa ndani chini ya kisigino umeinuliwa kidogo kama kabari. Na upinde wake ni mgumu kiasi cha kutobonyea, lakini umefunikwa kwa tabaka laini la kugusana na ngozi. Kipimo chake kizuri huchukuliwa kisigino kikiwa kimeshikwa kwenye mstari. Ukikanyaga tu lile povu la kuchukulia alama ya mguu ukiwa umesimama vile unyayo ulivyolala, fundi atakutengenezea soli inayofanana na ugonjwa.

Na kiatu ni nusu ya kifaa. Nimeona soli nzuri zikitumbukizwa kwenye viatu vya kuchomeka vilivyokwisha kulala upande mmoja, halafu mtu akarudi kusema soli hazisaidii. Unachotaka ni kiatu chenye mgongo mgumu nyuma ya kisigino, kinachofungwa kwa kamba au mkanda, kinachokunjika kwenye vidole tu wala si katikati. Kishike mbele na nyuma, ukisokote kama unakamua nguo: kikisokoteka, kiache. Raba za mtumba zinafaa sana ukichagua hivyo, ila geuza uangalie chini. Ikiwa mwenyewe wa kwanza aliilaza upande wa ndani, umenunua mguu wake. Toa ile soli iliyokuja nayo ili mpya ipate nafasi, na kwa kifaa chenye plastiki huenda ukahitaji namba moja kubwa zaidi.

Hapa ndipo nataka tuzungumze habari ya nyumbani, kwa sababu vipeperushi karibu vyote vimeandikwa kwa watu wanaoingia na viatu hadi jikoni. Sisi tunavua mlangoni. Mwalimu anavaa kifaa chake shuleni kwa muda wa saa nane, anarudi, anavua, anaingia kwenye ndala, anapika, anafua, anapanga vyombo, muda wa saa nne nyingine peku au kwenye kandambili. Kano inapumzishwa mchana na kuvutwa jioni, wakati imechoka zaidi. Tafuta jozi ya viatu au kobazi zenye mkanda wa nyuma, za ndani tu, zisizotoka nje, na soli zake zibaki humo. Ziweke kando ya kitanda, maana hatua za kwanza za asubuhi nazo huweza kuuma.

Na kama unaswali, udhu mara tano ni kuvua kifaa mara tano. Tia udhu ukiwa umekaa, kifaa na kobazi vikiwa pembeni ya kigoda, ukaushe mguu sawasawa hasa katikati ya vidole, uvae ndipo unyanyuke. Suala la kupangusa juu ya kifaa waulize masheikh wako. Ule mkao wa kukalia mguu wa kushoto kwenye tahiyatu unauvuta unyayo wako kwenda pabaya. Kwa miezi hii ya mwanzo swali ukiwa kwenye kiti, mgonjwa ana nafasi yake.

Kuzoea kifaa usikimbilie. Siku ya kwanza vaa kwa muda wa saa moja, kila siku ongeza saa moja, kwa soksi ya pamba iliyonyooka isiyo na mshono mnene. Kila ukivua, tazama ngozi. Alama nyekundu zinazopotea ndani ya nusu saa ni za kawaida. Zisizopotea, au lengelenge, maana yake kifaa kinahitaji kurekebishwa, na kurekebisha ni sehemu ya kazi yetu, usione haya kurudi mara tatu.

Hapo ndipo sukari inapoingia. Nikiwa mgeni kazini nilimtengenezea mzee mmoja soli ngumu, sikumuuliza habari ya ganzi. Alirudi baada ya wiki mbili na kidonda chini ya upinde ambacho hakukisikia. Kilichukua miezi kufunga. Tangu siku hiyo hakuna mguu unaotoka mezani kwangu bila kupimwa kama unahisi. Mwenye kisukari na ganzi anahitaji soli laini zaidi, nafasi kubwa zaidi kwenye kiatu, na macho ya mtu mwingine juu ya nyayo zake kila jioni.

Je, mguu utalegea? Jirani yako ana chembe ya ukweli. Msuli usiotumika hunywea, na anayevaa kifaa mwaka mzima bila zoezi atakuja kuniambia jirani alisema kweli. Lakini kano yako haikulegea kwa kushikiliwa, imelegea kwa kuvutwa kila hatua bila msaada. Kifaa kinaondoa mvuto wa ovyo, wewe unauweka mvuto wa kipimo. Mtafiti Kulig na wenzake mwaka 2009 waliwafuatilia watu wazima 36 wenye tatizo hili kwa wiki 12, wakiwa wamegawanywa makundi matatu, wote wakiwa na soli na kunyoosha shavu la mguu. Makundi yote yalipata nafuu, lakini lililopata nafuu zaidi ya mengine ni lile lililoongezewa zoezi la kuuachia mguu taratibu dhidi ya uzito.

Zoezi hilo unaliweza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kaa kitini, kisigino chini, tyubu imezunguka mbele ya unyayo wa kushoto na ncha yake imefungwa kwenye mguu wa meza upande wako wa kushoto. Telezesha unyayo kuelekea ndani huku kisigino na goti vimetulia, kisha uuachie urudi polepole ukihesabu hadi tano. Kurudi ndiko kunakojenga, usiuachie ukavutwa. Mara 15, pumzika, mizunguko mitatu, asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu au nne, maumivu yakiwa yametulia, anza kupanda vidole kwa miguu yote miwili ukibana mpira wa tenisi katikati ya visigino. Ule mpira unavilazimisha visigino vielekee ndani. Kunyoosha shavu la mguu ukutani fanya ukiwa umevaa kiatu na soli, kwani ukifanya peku unyayo wako uliolala ndio utakaonyooka badala ya msuli. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakiendelea hadi kesho asubuhi, punguza.

Muda: kifaa cha juu ya kifundo kwa kawaida miezi mitatu hadi minne, kazini na nyumbani, usiku unavua. Ukiweza kupanda vidole vya kushoto peke yake mara tano bila maumivu makali, tunaanza kukitoa, nusu siku kifaa, nusu siku soli, kwa wiki kadhaa. Soli zenyewe zitabaki kwa miaka, kama miwani. Unyayo uliokwisha kulala haurudi kuwa kama wa ujana. Tunachokipata ni mguu usiouma na usioendelea kuporomoka.

Neno la dawa, kwa kuwa unaishi jirani na maduka ya dawa kama sisi sote. Siprofloksasini na ndugu zake, antibiotiki ambazo watu hununua kwa kila homa na kila tumbo, zinajulikana kudhuru kano, zaidi ile ya nyuma ya kisigino. Tangu mwaka 2008 Marekani huandikwa onyo lake kali kabisa kwenye maelezo ya dawa. Ukiandikiwa antibiotiki, mwambie daktari kwamba una kano inayouma.

Usisubiri kifaa, nenda hospitali mapema, iwapo mguu utashindwa ghafla kukanyaga, au maumivu yakihamia upande wa nje chini ya kifundo, au kisigino kikianza kugoma kwenye lile jaribio la tatu. Na mwenye kisukari ambaye mguu wake umevimba, umekuwa mwekundu na wa moto hata kama hauumi, aende siku hiyohiyo na asiukanyagie. Upasuaji upo, mabingwa huhamisha kano ya jirani na kukisogeza kisigino, na wapo wanaouhitaji kweli, ila ni wiki nyingi bila kukanyaga na miezi kadhaa ya kujifunza kutembea upya.

Anzia idara ya fiziotherapia ya hospitali ya mkoa, uombe rufaa ya kwenda kwenye karakana ya vifaa saidizi. Hospitali ya KCMC Moshi wanayo, na hapo ndipo kilipo chuo kinachowafundisha mafundi wetu tangu 1981. Dar es Salaam wapo MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na hospitali ya CCBRT. Nenda na kadi ya kliniki ya presha, kipimo cha sukari, jozi tatu za viatu unazovaa zaidi zikiwemo ndala, na usizisafishe wala kuzipeleka kwa fundi kwanza. Pale zilipolika ndipo fundi atakapoanzia kusoma.